Upinde wa mvua haufukuzwi: tuzungumze namna ya kuupiga picha

MtuWaLenzi (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mpiga picha hapa Moshi. Riziki yangu inatoka kwenye harusi, kipaimara na picha za pasipoti, ila upinde wa mvua ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii. Kila masika naona watu wanatuma picha zao wakilalamika kwamba kwa macho ulikuwa unawaka, kwenye picha umekuwa kamstari hafifu. Nami nimepita huko huko. Naweka hapa nilichojifunza kwa miaka michache, wenye ujuzi zaidi mnirekebishe.

Nianze na siku iliyonifumbua macho. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, natoka kwa mteja naelekea Himo. Mvua imekatika upande wangu, mbele kuna wingu jeusi, na juu yake upinde mzima. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umetua juu ya kibanda cha bati katikati ya shamba la mahindi, bati lenyewe linaonekana la kijani. Nikamwambia bodaboda akimbize tukapige pale pale mguu unapogusa. Tulikwenda kama kilomita tatu. Kufika, kibanda ni kibanda tu, kimelowa, na upinde umesimama mbele kule kule, umbali ule ule. Tukaongeza mwendo. Baada ya dakika chache jua likaingia winguni, upinde ukafutika, na mimi sijapiga hata picha moja. Iliniuma, kwa sababu pale nilipouona kwanza palikuwa na kila kitu: barabara yenye maji, mahindi, kibanda, wingu jeusi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba upinde hauna mahali ulipo. Una pembe. Simama jua likiwa mgongoni, tazama kivuli cha kichwa chako. Kivuli hicho kinakuonyesha nukta iliyo kinyume kabisa cha jua, na nukta hiyo ndiyo kitovu cha upinde. Kila tone la mvua lililo nyuzi 42 hivi kutoka kwenye nukta hiyo linakuletea wekundu, na lililo pungufu ya hapo kwa nyuzi karibu 2 linakuletea urujuani. Matone yote ya pembe hiyo ukiyaunganisha unapata duara, ila ardhi inalikata, tunabaki na sehemu ya juu. Ukisogea, kivuli chako kinasogea na duara linasogea nacho. Hata jirani yako aliyesimama ubavuni anaona upinde wake, uliotengenezwa na matone mengine.

Kipimo unacho mkononi. Nyoosha mkono mbele, panua vidole. Shubiri moja, toka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni kama nyuzi 20. Kwa hiyo shubiri mbili kutoka kwenye kivuli cha kichwa ndipo upinde utakapotokea, iwe juu, kulia au kushoto. Mimi siku hizi mvua ikianza kukatika napima kabla upinde haujatokea, naamua nisimame wapi ili nyuma yake kuwe na kitu cha maana, halafu nasubiri.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia saa. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42, duara lote linazama chini ya upeo. Kwetu huku karibu na Ikweta jua linapanda haraka, kwa hiyo kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri hakuna upinde wa angani. Uingereza mwezi Desemba jua halifiki hata nyuzi 20 saa sita mchana, ndiyo maana wenzetu wanaupiga muda wowote likiwaka. Sisi tuna asubuhi na jioni. Kadiri jua linavyokaribia kuzama ndivyo upinde unavyokuwa mrefu, na likiwa linagusa upeo kabisa unapata nusu duara kamili, tena mwekundu karibu wote kwa sababu bluu imeshapotelea njiani.

Sasa nina ndoto moja, nayo ndiyo imenifanya nifungue uzi huu: mguu wa upinde juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mwishoni mwa Machi jua linazama karibu magharibi kamili, kwa hiyo kitovu cha upinde kiko mashariki, nyuzi 90 kwenye dira. Toa 42, mguu wa kushoto unaangukia nyuzi 48. Kutoka Moshi mjini Kibo iko karibu kaskazini kamili, haiwezekani. Ila kutoka Boma Ng'ombe Kibo iko kaskazini-mashariki, nyuzi 43 au 44 hivi. Tofauti ni ndogo. Nitajaribu mwezi huu, mvua ikinikubalia.

---

KijanaWaNyahururu

Kaka, shukrani kwa somo. Huku kwetu mvua ikinyesha na jua linawaka tulikuwa tunasema fisi anazaa, sijui nyinyi mnasemaje. Mimi naishi karibu na maporomoko ya Thomson, yana mita 74, na jua likikaa vizuri yale manyunyu ya chini yanatoa upinde kila siku bila kusubiri mvua. Shida yangu ni polaraiza, ile filta ya kuzungusha mbele ya lenzi. Mtu aliniuzia akaniambia inakoleza rangi za anga. Nikaifunga, nikafika pale, upinde haupo! Nikaifungua, upinde upo. Hiyo filta ni mbovu ama?

---

MtuWaLenzi

Sisi bibi alikuwa anasema simba anazaa, na akatukataza kuunyooshea upinde kidole.

Filta yako ni nzima kabisa. Mwanga unaotoka kwenye upinde unatikisika karibu wote kwa mwelekeo mmoja, sambamba na mkunjo wa upinde wenyewe, kwa sababu ndani ya tone unaakisiwa kwa pembe inayochuja mielekeo mingine. Polaraiza kazi yake ni kuruhusu mwelekeo mmoja na kuzuia mwingine. Ulipoifunga ilikuwa imekaa upande wa kuzuia. Rudi pale, tazama kwenye kioo cha kamera na uizungushe polepole. Robo mzunguko tu, upinde utatoka kwenye kutoweka kabisa hadi kuwaka kuliko unavyouona kwa macho, kwa sababu ule mwanga mweupe wa ukungu unapungua na rangi zinabaki.

Ila kuna mtego. Juu kileleni mwa upinde mkunjo umelala, kwenye miguu mkunjo umesimama. Filta haiwezi kuridhisha vyote viwili. Ukitumia lenzi pana ukapata upinde mzima, utakoleza kilele na kufuta miguu, au kinyume chake. Nilishamharibia bibi harusi picha hivyo, upinde ulitoka kama daraja lililovunjika pande zote mbili. Polaraiza ni ya kipande cha upinde. Ukitaka mzima, ivue.

---

MamaWaBustani

Mleta mada, samahani, mimi sina kamera, nina simu tu. Umesema mchana hakuna upinde. Mimi nauona saa sita nikimwagilia mchicha kwa mpira! Nikibana mdomo wa mpira maji yakatoka kama ukungu, upinde unatokea chini pale karibu na miguu, na wanangu wanaupenda sana. Sasa huo ni upinde gani?

---

Mwalimu Mstaafu

Mama, huo ni upinde ule ule, na umemrekebisha kijana wetu vizuri. Kanuni ni nyuzi 42 kutoka nukta iliyo kinyume cha jua. Jua likiwa utosini, nukta hiyo iko miguuni pako, na upinde unalala chini kukuzunguka. Kwenye mvua ya kawaida kati ya macho yako na ardhi kuna matone machache mno, ndiyo maana huuoni. Wewe na mpira wako unayaleta matone pale pale yanapohitajika. Ukipanda kwenye ngazi au baraza ya ghorofani ukanyunyiza kuelekea chini, unaweza kuliona duara lote kamili. Marubani nao huliona duara zima, ardhi ikiwa mbali chini yao.

Nimefundisha fizikia miaka mingi na niliona wanafunzi wengi wanakariri "mwanga unapinda, unaakisiwa, unapinda tena" bila kuelewa kwa nini iwe 42 na si 30 au 60. Nilikuwa nafanya hivi. Nachukua chupa ya maabara ya mviringo, naijaza maji hadi shingoni. Hiyo ndiyo tone langu la mvua. Nafunga madirisha ya darasa, nabakiza tundu moja la kupitisha jua. Kati ya tundu na chupa naweka karatasi nyeupe ya manila yenye tundu lake katikati. Mwanga unapita kwenye tundu, unaipiga chupa, na baadhi yake unarudi nyuma na kuchora duara la rangi kwenye manila, wekundu nje, urujuani ndani. Darasa lote linanyamaza. Nina hakika wako waliosahau kila kitu nilichowafundisha isipokuwa duara lile.

Ukiliangalia duara lile kwa makini utaona ndani yake kuna weupe, nje kuna giza. Hapo ndipo jibu lilipo. Mwale unaolipiga tone katikati kabisa unarudi ulikotoka. Unaopiga pembeni kidogo unarudi kwa pembe kubwa kidogo. Unaendelea hivyo, pembe inakua, inakua, halafu inafika 42 na kugeuka: miale inayopiga pembezoni zaidi inaanza tena kurudi kwa pembe ndogo. Pale pa kugeukia miale mingi inabanana kwenye pembe ile ile moja, na kubanana huko ndiko kunakofanya ing'ae. Kila rangi inapinda kwa kiasi chake, kwa hiyo kila rangi ina pembe yake ya kugeukia. Nyekundu inageukia mbali kidogo kuliko urujuani. Miale mingine yote, yenye pembe ndogo, inachanganyika na kuwa weupe ndani ya upinde. Mtazame upinde wowote mzuri, anga la ndani lina mwanga kuliko la nje.

Aliyelifanya jaribio la tufe la kioo lenye maji si mimi wa kwanza. Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki kama mwaka 1319, alilifanya akiwa anaifafanua kazi ya mwanasayansi wa kale Ibn al-Haytham kuhusu macho na mwanga, akaonyesha kwamba mwanga unapinda mara mbili na kuakisiwa mara moja ndani ya tone. Miaka ile ile Theodoric wa Freiberg, mtawa wa Ujerumani, alifikia jibu lile lile, na hakuna ushahidi kwamba mmoja alipata habari za mwenzake. Descartes akaja kuipigia hesabu ile pembe na kuichapisha mwaka 1637. Rangi zenyewe zilikuja kuelezwa sawasawa na Newton kwa prizimu yake. Huwa nawataja wote wanne, na naanza na al-Farisi, kwa sababu vitabu vingi vya shule vinamruka.

---

MamaWaBustani

Shikamoo Mwalimu. Nimekuelewa neno kwa neno. Kumbe tone moja haliniletei rangi zote?

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Tone moja linatoa rangi zote, ila kila rangi linaitupa kwa pembe yake, na jicho lako linapokea moja tu kwa wakati mmoja. Lile lililo juu linakupa wekundu. Likishuka kidogo linakupa kijani, likishuka tena linakupa urujuani, kisha linaingia kwenye ule weupe wa ndani. Matone yanaanguka bila kukoma na mengine yanachukua nafasi zao, ndiyo maana upinde umetulia wakati mvua yenyewe inakimbia.

---

BintiPwani

Asalaam aleikum. Nimeufurahia uzi huu. Naongezea ya huku Unguja na boti.

Kwanza, pwani zetu zina zamu zake. Dar es Salaam bahari iko mashariki, kwa hiyo upinde juu ya bahari ni wa jioni, jua likiwa upande wa mjini nyuma yako. Mji Mkongwe unatazama magharibi, kwa hiyo upinde juu ya bahari ni wa asubuhi. Wageni wanakaa Forodhani jioni na kamera zao wakitazama bahari, na wanachopata ni machweo. Upinde wa jioni hapo unaupata ukiipa bahari mgongo, utakuwa juu ya mapaa.

La pili nililiona mwenyewe kwenye boti ya kwenda Dar. Mawimbi yalikuwa yanarusha manyunyu ubavuni na kwa mbele kulikuwa na mvua. Upinde wa mvua ulishuka hadi karibu na maji, na ule wa manyunyu ya bahari ukaanza chini yake, lakini haukuungana nao. Ulikuwa umesogea ndani kidogo, kama mfupa uliotoka kwenye kiungo. Nilidhani ni macho yangu, lakini kwenye picha pia uko hivyo hivyo. Mwalimu, hilo nalo lina sababu?

---

Mwalimu Mstaafu

Wa aleikum salaam. Ni chumvi, binti yangu. Maji ya chumvi yanapinda mwanga kidogo zaidi ya maji baridi, kwa hiyo duara la upinde wa bahari ni dogo kwa karibu nyuzi 1. Umeona kitu ambacho wengi wamesoma tu. Itunze picha hiyo.

---

MtuWaLenzi

Binti Pwani, tafadhali iweke hapa tuione!

Kuna aliyeniuliza inbox kuhusu lenzi, najibu hapa ili iwafae wengi. Upinde ukiwa mzima unakula nyuzi 84 toka mguu hadi mguu. Kwa kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kibapa cha ndani kinachopokea picha), lenzi ya milimita 20 inaubeba ukigusa kingo kabisa, 16 au 17 inakupa nafasi ya kupumua. Kwa sensa ndogo lazima ushuke hadi 10 au 12. Lenzi ile ya 18-55 inayokuja na kamera haitoshi, utakata mguu. Hapo pigeni vipande, kamera ikiwa wima, kila kipande kiingie kwenye mwenzake kwa theluthi, halafu uunganishe kwenye kompyuta. Fanyeni haraka maana rangi hubadilika kila sekunde.

Wenye simu msijione wanyonge. Simu nyingi za sasa zina lenzi ya pili iliyo pana sana, ile ya 0.5 au 0.6, na hiyo inaubeba upinde wote bila shida. Na lenzi ndefu nayo isidharauliwe. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote ni ya milimita 200, kipande tu cha mguu wa upinde nyuma ya mgomba mmoja.

Kuhusu rangi kufifia: kamera ikiona wingu jeusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na upinde unapauka. Punguzeni. Kwenye kile kipimo cha kuongeza na kupunguza mwanga cha kamera, mimi huanzia -0.7 na nikiona wingu ni zito nashuka hadi -1. Kwenye simu gusa sehemu inayong'aa, halafu shusha kile kijua cha pembeni. Rangi wekeni kwenye alama ya jua, msiiachie kamera iamue yenyewe. Na maji kwenye kioo cha lenzi ndiyo adui wa kwanza. Nabeba kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, hakuna kitambaa cha dukani kilichonifaa kama hicho.

---

MwongozaWaShira

Naomba niulize nami. Mimi ni mwongoza watalii mlimani. Asubuhi kule Shira, jua likishapanda nyuma ya Kibo na ukungu uko chini yetu upande wa magharibi, huwa tunaona upinde mweupe. Mweupe kabisa, mpana, hauna rangi. Na katikati yake kivuli cha mtu kinazungukwa na viduara vidogo vya rangi, kila mtu anaviona kwenye kichwa chake mwenyewe. Wageni hunishika mkono na kuuliza, na mimi nawaambia ni baraka ya mlima. Ningependa niwe na jibu la kuwapa.

---

Mwalimu Mstaafu

Jibu lako la baraka usiliache, ongeza tu na hili. Matone ya ukungu ni madogo mno, chini ya sehemu 5 za mia za milimita. Kwa udogo huo mwanga unatawanyika kiasi kwamba kila rangi inapanuka na kuilalia nyingine, zote zikichanganyika unapata weupe. Matone makubwa ya mvua, ya milimita 1 au 2, ndiyo yanayotoa rangi kali, hasa nyekundu. Kwa hiyo ukiuona upinde wenye wekundu mkali, jua mvua iliyopo kule ni ya matone mazito.

Kati ya hayo mawili kuna kitu kizuri sana. Matone yakiwa madogo kiasi na yanalingana, ndani ya upinde, chini ya urujuani, utaona vimistari vya ziada vya waridi na kijani. Descartes na Newton hesabu zao hazikuweza kuvieleza. Thomas Young wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1800 ndiye aliyeonyesha kwamba miale miwili inayotoka kwenye tone kwa pembe moja, lakini kwa njia tofauti, inakutana kama mawimbi, mahali pengine inaongezeana nguvu na mahali pengine inauana. Vimistari vile vilikuwa ushahidi kwamba mwanga ni mawimbi. Na viduara vinavyozunguka kichwa ni ndugu zake, navyo vinatokana na mawimbi kwenye matone madogo ya ukungu.

---

Msafiri_wa_Reli

Nimefika Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, mara mbili, kwa treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi halafu basi hadi Livingstone. Watu wa kule wameipa jina sahihi, moshi unaonguruma. Usiku wa mwezi mpevu, maji yakiwa mengi, upinde unatokea kwa mwanga wa mwezi. Hifadhi hufunguliwa usiku kwa ajili hiyo. Kwa macho niliuona mweupe, kama moshi uliopindwa. Nikaweka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, tundu la lenzi 2.8, sekunde 20. Picha ilipotokea kwenye kioo rangi zote zilikuwemo, nyekundu hadi urujuani, na nyota juu yake. Nilikaa chini kwenye mawe yaliyolowa, nikaitazama tena na tena.

Kanuni ya nyuzi 42 iko pale pale, mwezi usiwe umepanda sana na uwe nyuma yako. Rangi sikuziona kwa macho kwa sababu kwenye giza jicho linatumia sehemu yake isiyotambua rangi, kamera haina shida hiyo. Mbebe koti la mvua na mfuko wa plastiki wa kamera. Yale manyunyu yanalowesha mpaka mfupa.

---

KijanaWaNyahururu

Nimerudi Thomson asubuhi ya leo na polaraiza yangu. Nimezungusha kama ulivyosema. Kaka, umewaka! Halafu nikaona wa pili juu yake, hafifu, rangi zimegeuka, nyekundu iko chini. Na kati yao anga ni jeusi kabisa.

---

MtuWaLenzi

Safi sana! Huo wa pili uko kwenye nyuzi 51 hivi, unatoka kwa miale iliyoakisiwa mara mbili ndani ya tone kabla ya kutoka, ndiyo maana umegeuka, na umefifia kwa sababu kila ikiakisiwa mwanga mwingine unavuja nje. Ule ukanda wa giza unaitwa kwa jina la Alexander wa Aphrodisias, aliyeuandika miaka kama 1800 iliyopita. Ukitaka pinde zote mbili kwenye picha moja kwa sensa kubwa, shuka hadi milimita 14.

---

MtuWaLenzi

Wakuu, nimerudi na majibu ya Boma Ng'ombe.

Nilikwenda jioni nne. Tatu hakukuwa na kitu, ama mvua bila jua ama jua bila mvua. Jana nilifika saa kumi, nikasimama nje kidogo ya mji ambapo uwanda uko wazi. Kibo ilikuwa imefunikwa. Saa kumi na moja na nusu mvua ikawa inanyesha upande wa Machame, na upande wa Meru wingu likapasuka. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jua likapita kwenye ule mpasuko, na kabla sijashusha macho upinde ulikuwa umesimama, wenye rangi kali, na wa pili juu yake. Dakika kama nne baadaye wingu la Kibo likashuka mabegani na theluji ikatokea, ya njano kwa jua la jioni. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nimepiga 1/125, f/8, ISO 200, -0.7, kwa lenzi ya 35.

Ila mguu haukutua juu ya Kibo. Umesimama kulia kwake, kama upana wa ngumi moja mkono ukiwa umenyooshwa. Picha ninayo, mlima kushoto, upinde kulia, na katikati kuna mti mmoja wa mgunga uliolowa. Naipenda. Lakini hesabu yangu ilikosea wapi?

---

Mwalimu Mstaafu

Hongera sana, kijana. Umekosea mahali pawili padogo. Ulipima mguu kama vile jua lilikuwa linagusa upeo, kumbe lilikuwa bado juu kwa nyuzi kama 11, na duara lilishakuwa limezama kidogo na kupungua upana. Halafu mguu haupandi wima, unajikunja kuelekea katikati. Kilele cha Kibo kutoka ulipokuwa kiko nyuzi 7 hivi juu ya upeo, na kwenye kimo hicho upinde umeshasogea kulia, uko karibu nyuzi 53. Kibo yako iko 43. Hapo ndipo ngumi yako ilipotoka, ngumi moja ni nyuzi 10.

Dawa yake ni wewe kuhama ili Kibo isogee kulia. Panda barabara ya Sanya Juu. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo mlima unavyozidi kuwa mashariki kwako. Usisahau kwamba na jua nalo linahama. Kufikia katikati ya Aprili litakuwa linazama nyuzi 9 au 10 kaskazini ya magharibi, upinde wote utasogea kusini kwa kiasi hicho hicho, na utakuhitaji uende juu zaidi.

---

MtuWaLenzi

Nimekuelewa Mwalimu, shikamoo na asante sana. Nimeshachora kwenye ramani, inaangukia kwenye barabara hiyo kweli. Kuna mtu wa Sanya Juu humu? Natafuta sehemu iliyo wazi pande zote mbili, nione Kibo mbele na jua nyuma, pasipo miti wala nyaya za umeme.

---

MwongozaWaShira

Kwetu ni huko huko. Kuna uwanja wa mpira wa shule, umekaa kwenye mwinuko, Kibo unaiona toka shingoni hadi utosini na nyuma ni mbuga tupu hadi Meru. Nakutumia ramani inbox. Njoo na koti, jioni kuna upepo, na uje mapema. Mvua yetu ya Aprili inaanzia saa tisa.